Miti Yako Haijafa

Mabula mwanangu,

Nikuulize hali ya nini, wakati nakusikia nyuma ya ukuta ukibishana na dada yako juu ya kamba ya kufungia sanduku? U mzima, na ubishi wako mzima pia. Jua halijazama bado. Nimejifungia ndani, nimemwambia Minza nachambua mbegu, kumbe nimechana karatasi katikati ya daftari lake. Akilalamika nitakiri ni mimi.

Barua hii nitampa utingo wa lori, akukabidhi mkishafika Kahama. Nimefanya hivyo makusudi. Ukiisoma hapa nyumbani utatupa sanduku chini, utakwenda kugombana kwa baba yako mkubwa, na lori litakuacha. Ukiisoma Kahama utagombana nami kichwani mwako mpaka Geita, na barabara ile ni mbovu kiasi cha kukupa muda wa kumaliza hasira.

Basi nisikuzungushe. Shabani hatakata ngitili yako. Hatakata hata mti mmoja. Watu wake wa shoka hawatakuja, wala hakuna tanuri la mkaa litakalochomwa pale. Nimezuia mimi mama yako. Nafasi yako kwenye duara, shimo la dhahabu la ndugu yake huko machimboni, iko palepale, hiyo sijaigusa, kwa hiyo tulia usome.

Najua ulivyoona mambo. Misimu miwili mvua imetukataa. Ngitili aliyokuachia marehemu baba yako, tunayoifunga masika ili majani yawe akiba ya ng'ombe wakati wa kiangazi, imekuwa kijivu kuanzia mpaka hadi mpaka. Migunga imebaki miiba mitupu. Mininga imepukutika utadhani imepitiwa na moto. Shabani akaja kutoka Kahama na lori lake, akagonga shina kwa kisigino cha shoka, akasema hii miti imekufa, mkaa wake utakuwa mzuri, nipe mimi na ndugu yangu atakupa nafasi kwenye shimo lake la dhahabu. Ukakubali. Ngitili ni yako, hilo silipingi. Lakini jioni ile ulisema neno ambalo sijalimeza mpaka leo.

Ulisema, "Mama, hapa kila kitu kimekufa. Nikitoka sitaki kuacha kitu cha kunirudisha."

Shimo la dhahabu naliogopa kama mama yeyote. Neno hilo naliogopa zaidi.

Mambo ya kuchemsha maji na kuchagua marafiki shangazi zako wameshakuchosha nayo, na matobolwa yako kwenye mfuko mdogo, viazi vikavu vya mwaka juzi, usiwape watu wote siku ya kwanza. Mimi nitakwambia habari za miti, kwa sababu nimeishi nayo kwenye ukame mara tatu na mara mbili ya hizo nilikosea.

Mara ya kwanza nilikuwa na mimba yako. Mvua ilikatika hivihivi. Mimi na baba yako tulikuwa bado wageni katika ndoa, tuna nguvu kuliko akili. Babu yako alikuwa ametugawia ngitili hiyohiyo, na tulipoiona imekauka tulitazamana tukasema imekufa, tuing'oe yote tupate shamba la pamba mvua itakaporudi. Wenzetu walikuwa wanakata kuni na kuacha visiki. Sisi hatukutaka visiki, tulisema vitavunja jembe la ng'ombe. Tukachimba mpaka kwenye mizizi. Baba yako anapiga sururu, mimi na tumbo langu navuta mizizi kama navuta ng'ombe mkaidi. Upande wa mashariki wote tuliumaliza.

Kabla hatujagusa upande wa magharibi ikaja habari ya mashindano ya ngoma huko ng'ambo ya reli. Msukuma hata njaa ikimkaba koo, masikio hayaachi kusikia ngoma. Baba yako akasema anakwenda mara moja, tutamalizia akirudi. Alikaa huko mpaka nikaanza kuulizwa kama nimeachwa. Aliporudi sauti imekauka, miguu imevimba, na mgongo, alisema, unamuuma sana asingeweza kushika sururu. Nilimnunia. Nilimwita mvivu mbele ya wifi zangu, jambo ambalo mke mgeni hafanyi akiwa na akili timamu. Ule upande wa magharibi ulibaki kwa sababu ya uvivu wa baba yako na si kwa sababu nyingine yoyote.

Sasa sikiliza. Mvua haijarudi, mbingu tupu, vumbi mpaka kwenye unga, upande wa magharibi ukachipua. Nilikuwa napita kutafuta kuni nikaona ukungu wa kijani kwenye miiba. Nilidhani ni macho yangu, kwa sababu njaa huleta mambo. Nikamwita baba yako, akaja na mgongo wake mbovu, tukasimama pale kama watu waliokutana na mtu waliyemzika. Baadaye mvua ikaja, nawe ukaja nayo, tukakupa jina lake. Upande wa mashariki tulilima pamba misimu michache, kisha udongo ukaanza kuondoka na maji, maana hakukuwa na mzizi wa kuushika. Lile korongo ulilokuwa unateleza na wenzako mkichana kaptula, hilo ndilo shamba letu la pamba. Mungu hakuliumba. Tulilichimba mimi na baba yako.

Tangu siku ile nikawa mtu wa kuchunguza miti. Wenzangu walikuwa wananicheka kwenye njia ya kuni, wanasema Mama Mabula anasalimiana na mgunga. Nilikuwa nasalimiana nao kweli.

Mti ukinyimwa maji, kitu cha kwanza unafumba. Utazame mgunga saa sita mchana wakati wa kiangazi: vijani vyake vimejikunja, kwa sababu jani lililo wazi linapoteza maji kama mtungi usio na kifuniko. Ukame ukizidi, unayaangusha majani yote. Mpita njia anasema mti umeshindwa, kumbe ndio umekata shauri. Ukame ukizidi tena, unaviacha vitawi vya juu vikauke, vile vyembamba, ili shina lipone. Ndiyo maana ukivunja kitawi cha nchani kinalia kama kijiti cha kiberiti, lakini ukishuka kidogo kuelekea shina kinapinda hakivunjiki. Na chini ambako hakuna anayetazama, mizizi inaendelea kushuka kuutafuta unyevu. Ukitaka kujua mti kama u hai, usiupige shoka kama Shabani. Kwangua gome kwa ukucha. Chini ya lile gome kavu kuna ngozi, na kama ngozi ni ya kijani, mti u hai hata kama hauna jani moja la kukuthibitishia.

Juzi ulipokwenda Isaka kuaga marafiki nilikwenda kwenye ngitili yako. Nilikwangua mpaka kucha zikauma. Mingine imekufa, sikudanganyi, hasa ile ya kwenye mwamba karibu na njia. Lakini mingi, Mabula, mingi sana, ni ya kijani ndani.

Utasema, basi akate, si visiki vitachipua? Nakujua kwa kutafuta mlango wa nyuma. Ni kweli, wakati ule wa kuhamia vijijini, ngitili ilipobaki bila mwangalizi, kila mwenye shoka alijikatia, na hiyo miti unayoiona imetoka kwenye visiki vya wakati ule. Lakini wakati ule mvua ilikuwepo. Mti uliokaa misimu miwili unakula akiba yake ya mizizini, ukiukata sasa unachipua kwa nini? Mtu aliyekonda humtoi damu. Tena watu wa Shabani hawaachi visiki. Niliwauliza wenye ngitili za kule alikopita, wakanionyesha mashimo. Anasema mkaa wa mzizi ndio unaokaa kwenye jiko. Niliyaona mashimo yale nikawaona baba yako na mimi.

Kosa langu la pili ni dogo, la hapahapa uani, lakini linakuhusu zaidi. Unaukumbuka mjohoro uliokuwa karibu na jiko? Niliupanda na mwenzake siku moja. Wa jikoni niliupenda kwa sababu niliuona kila siku, nikawa naumwagia maji niliyooshea vyombo, kidogo kila jioni. Wa nyuma ya choo niliusahau. Ukame wa pili ulipotukuta, nikalazwa hospitali na Minza aliyekuwa anaharisha, na nyinyi wengine hakuna aliyekumbuka mti. Niliporudi, wa jikoni umekufa. Nilipoung'oa nikaona mizizi yake yote imelala juujuu, pale maji ya vyombo yalipokuwa yanaishia. Ulikuwa hauna sababu ya kushuka. Ule wa nyuma ya choo mpaka leo tunaanika nguo juu yake.

Baada ya baba yako kufariki nilikulea kama mjohoro wa jikoni. Ukigombana na mwalimu, mimi huyo shuleni. Ng'ombe akikupotea, mimi huyo porini kabla hujatafuta mwenyewe. Nilidhani ni mapenzi, na yalikuwa mapenzi, ila yalikuwa ya juujuu kama yale maji. Kwa hiyo usije ukafikiri nimezuia ngitili ili nikuzuie wewe. Nenda. Nimefurahi kwamba unakwenda, nasema bila kujilazimisha. Una mikono ya baba yako na kichwa changu, na kichwa changu ni kigumu, kitakufaa.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia vizuri, kwa sababu ulikuwa mdogo na baadaye nikaona aibu kulirudia.

Wewe unaamini baba yako aliuawa na njaa ya ukame ule wa pili. Si kweli. Njaa aliishinda. Alikuwa anakohoa kiangazi chote, amekonda mpaka mkanda unazunguka mara mbili, lakini aliishinda. Tulikuwa tunaambiana, mvua ikinyesha tu atapumzika. Mvua ikanyesha. Ilinyesha vizuri, mtama ukasimama, watu wakaanza kucheka tena barabarani. Na yeye badala ya kupumzika akaingia shambani kama mwanamume aliyelala na kula mwaka mzima. Nilimwona akilima huku anaimba, na nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma: nilisimama na kibuyu cha maji, nikafurahi. Alianguka kwenye palizi ya pili, chakula kikiwa kinatuzunguka pande zote.

Mwaka huohuo niliona migunga mitatu iliyopita kiangazi chote salama, ikatoa majani mvua ilipokuja, halafu ikafa katikati ya masika. Watu walisema imelogwa. Mimi niliikata nikakuta wadudu wamechimba njia chini ya gome kila mahali, na mti haukuwa na nguvu ya kuwafukuza, kwa sababu nguvu zote zilikwisha kwenye kuvumilia na kilichobaki uliharakisha kukivaa majani. Tangu hapo siuogopi sana ukame wenyewe. Nauogopa mwezi wa kwanza wa neema.

Ndiyo maana sina wasiwasi na siku zako za kwanza machimboni. Utalala vibaya, utakula vibaya, watakuita mshamba, utavumilia, kuvumilia tumekufundisha. Siku ya kuangalia ni ile mtakayopiga mwamba wenye dhahabu na watu wote wakawa ndugu zako kwa usiku mmoja. Siku hiyo kaa chini kwanza. Kula, lala, jiulize umebaki na nguvu kiasi gani kabla ya kuvaa majani. Sisemi usifurahi, baba yako alikuwa mtu wa ngoma na nilimpenda kwa sababu hiyo. Nasema upone kwanza.

Nakuona umeshafika hapa unauliza, Mama, Shabani ulimfanyaje? Haya.

Nilikwenda kwa baba yako mkubwa Luhende. Unamjua kaka yake marehemu alivyo, hukatizi maneno yake, na mimi ni mjane wa mdogo wake, sina kauli juu ya ardhi. Nikamsalimu, nikakaa chini, nikasubiri amalize habari za meno yake. Kisha nikamwomba wazee waifunge ngitili yako sasa, wasingoje mvua. Ngitili ikishafungwa, unajua, hakuna shoka linaloingia, awe mgeni au mwenyewe, na anayevunja anatozwa ng'ombe.

"Mvua bado, Mama Mabula," akasema. "Ngitili haifungwi vumbini. Na mtoto ameshatoa neno lake."

Nikafungua kitenge nikamtolea kitawi cha mgunga nilichokuwa nimekifunga pembeni. Kwenye vifundo vyake palikuwa na vichipukizi, vidogo kama vichwa vya chawa. Akakigeuza. Akakwangua kwa ukucha wake mwenyewe, akatazama, akakwangua tena pengine.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Kwenye ngitili ambayo mwanao anasema imekufa."

Akanirudishia kitawi kwa mikono miwili, kama ninavyomrudishia mimi bakuli. Akasema ataongea na wenzake. Jana wamekubaliana. Mbiu itapigwa kesho asubuhi, lori lako likishaondoka, maana niliwaomba wanisitiri hapo.

Shabani alikuwa mgumu zaidi. Alipopita kwa Luhende jana jioni nilimwambia mkaa haupo, lakini neno la mwanangu lisianguke, achukue mtamba wangu mwekundu badala yake. Alimzunguka yule mtamba akimminya mbavu, akasema, "Mama, mkaa haufi njiani. Ng'ombe anakufa." Nikamwambia huyu amepita misimu miwili ya ukame bila msaada wako, kutembea hadi Kahama hakutamuua. Akacheka, akakubali, akaapa mbele ya Luhende kwamba nafasi yako haibadiliki. Najua nilikuwa namtegemea mtamba yule kwa maziwa. Usinihurumie, nimeshafanya hesabu yangu na nimeridhika nayo. Maziwa nitaomba kwa jirani. Mizizi ya baba yako nisingeiomba kwa mtu.

Nasikia Minza ananiita, chakula kinapoa, na wewe unauliza kwa sauti ya mkubwa wa nyumba mama yuko wapi. Ngoja nimalize na jambo moja ambalo Luhende aliniuliza tukiwa tumeshasimama kuagana.

Aliniuliza nani ataifungua. Nawe unajua kwetu kufunga anaweza kuomba yeyote, lakini kufungua ni kwa mwenye ngitili. Ndiye anayetangulia na ng'ombe wake, wengine wanafuata. Mimi siwezi. Minza hawezi. Luhende alisema yeye pia hatagusa, kwa kuwa si yake. Akaniuliza, "Na kijana akinogewa huko asirudi?" Nikamwambia hilo tumwachie mwenyewe.

Basi nimekuachia. Mvua itakuja, hilo sina shaka nalo, na majani yatasimama kati ya migunga yako. Ifikapo mwezi wa saba, malisho ya nje yatakuwa yamekwisha, na ng'ombe wa baba yako watasimama kwenye mpaka wakiyatazama majani, wala hakuna mtu katika kijiji hiki atakayewaruhusu kuingia. Watakungoja wewe. Nami nitakuwa nimesimama nao.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama